Meza, Miza, Lamesa

Kabla ya kufika kwenye kiwanda cha minofu nilikuwa nimeshauza mayai ya kuchemsha pale kivukoni Kigongo, nimeshapakia marobota ya pamba, nimeshalinda ghala la mtu ambaye sikuwahi kumwona. Shule niliiacha darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza. Nilichoka tu kukaa mahali pamoja nikitazama kisogo cha mtu yuleyule, na tangu hapo sikukaa popote zaidi ya misimu michache. Nilichokuwa nacho badala ya cheti ni masikio. Kivukoni, magari yakisubiri zamu, mtu husikia Kisukuma, Kizinza, Kikerewe, Kihaya na Kijaluo kabla jua halijawa kali, na mimi nilikuwa na tabia ya kuuliza: hili mnaliitaje, na lile je? Wengine walinishuku kuwa nimetumwa na serikali.

Miaka ile serikali yenyewe ilikuwa imeachia kamba. Maduka ya ushirika yalibaki na rafu tupu na makarani waliosinzia, huku barabarani kila mtu akiuza kitu. Ufukweni viliota viwanda vya sangara, kimoja baada ya kingine, na ndege za mizigo zikaanza kutua Ilemela kuchukua minofu kwenda Ulaya. Sisi tulibaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa, ambayo akina mama waliyakaanga na kuyauza barabarani. Nilipata kazi kwenye chumba cha mitambo ya baridi, kumsaidia fundi: kushika taa, kufuta mafuta, kuleta spana.

Fundi alikuwa mzungu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mjane, asiyependa maneno mengi. Wafanyakazi walimwita Mrusi kwa sababu marubani wa ndege za mizigo walikuwa Warusi na waliweza kuelewana naye kidogo. Alikuwa akikataa jina hilo kila siku kwa utaratibu uleule, kama mtu anayefunga bomba linalovuja. Nchi yake iliitwa Slovenia. Ilikuwa imejitenga na nchi kubwa miaka michache tu nyuma, na alisema kwa uso mkavu kwamba ilikuwa changa kuliko gari la kiwanda. Lugha yake, hata hivyo, ilikuwa ya zamani, na yeye na marubani walipokuwa wakizungumza, walikuwa kama Msukuma na Mnyamwezi: wanasikizana, lakini kila mmoja anaona mwenzake anaharibu.

Mgeni mwingine alikuwa mkaguzi wa usafi wa samaki, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mfupi, mwepesi wa kucheka, aliyetoka kisiwa cha Sebu huko Ufilipino. Tangu ujana wake alikuwa amefanya kazi kwenye viwanda vya samaki vya kwao na vya nchi za watu. Hakuwa ameolewa, alikuwa amesomesha wadogo zake mpaka akajikuta amechelewa, ndivyo alivyosema mwenyewe. Wafanyakazi walimwita Mama Mchina. Alikuwa akiwasahihisha kwa upole, kisha akaacha.

Tulikutana kwenye kantini. Mpishi wa kantini alikuwa mama wa Kihaya, Mlutheri kutoka upande wa Bukoba, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye alikuwa amempangisha yule mkaguzi chumba nyumbani kwake, kwenye vilima vya mawe vya Ilemela. Kwa hiyo fundi, mkaguzi na mimi tulikula meza ya nyuma, karibu na jiko, mahali ambapo mama angeweza kutusimamia.

Kilichonivuta kwao mwanzoni ni samaki. Nilimuuliza fundi kwao samaki anaitwaje. Akasema *riba*. Nikauliza wawili je. Akasema *dve ribi*. Watatu? *Tri ribe*. Watano? *Pet rib*. Nilidhani ananitania. Samaki mmoja alikuwa anavaa nguo mpya kila anapoongezeka mwenzake, na wakifika watano anavuliwa mkia. Nikamgeukia mkaguzi. Yeye akasema kwao samaki ni *isda*, awe mmoja, awe wawili, awe tani nzima. Ukitaka kuonyesha wengi unaweka kineno mbele yake na kumwacha kama alivyo. Hapo nikajisikia nyumbani, maana samaki wetu naye habadiliki, kinachobadilika ni vinavyomfuata. Niliandika kwa chaki kwenye mlango wa chuma wa chumba cha mitambo: upande mmoja Kislovenia, upande mmoja Kisebuano, katikati Kiswahili. Mlango ule ulijaa. Kila meneja alipopita uliamriwa ufutwe, na kila ulipofutwa ulianza upya.

Nilikuja kuona kwamba lugha zile mbili zilikuwa na wasiwasi tofauti. Kislovenia kina wasiwasi wa hesabu. Mtu mmoja ni jambo moja, wawili ni jambo jingine kabisa, na kuanzia watatu ndipo wanakuwa watu wengi. Fundi akisema *midva*, anamaanisha sisi wawili tu, mimi na yeye, na kitenzi kinachofuata nacho lazima kijue kwamba tuko wawili. Akiingia mtu wa tatu chumbani, maneno yote yanahama. Kisebuano hakijali mko wangapi. Wasiwasi wake ni kama wewe unayeambiwa umo au humo. *Kita* ni sisi pamoja na wewe. *Kami* ni sisi, lakini wewe hapana. Nilimuuliza mkaguzi kama haoni ni ukali kumwambia mtu usoni kwamba hayumo. Akacheka, akasema ni ukali zaidi kumwacha anadhani yumo. Kiswahili chetu kina *sisi* moja, kila mtu anaingia na kutoka apendavyo, na ukitaka kujua kama umo unasubiri uone kama utaitwa kula.

Yapo pia yaliyonishinda. Fundi alikuwa na maneno yasiyo na mahali pa kupumulia. Kidole ni *prst*. Shamba la mboga ni *vrt*. Wafanyakazi walilitamka la kwanza *purusiti* na yeye akakubali, akisema hata kwao watoto wadogo hulia. Maneno ya mkaguzi yalikuwa yamekaa kama yetu, konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, mpaka Msukuma yeyote angeyatamka bila kujifunza. Polepole kwao ni *hinay-hinay*, neno moja mara mbili, kama sisi. Hapana kwao ina sura mbili, *dili* na *wala*, na hiyo ya pili ilinifanya nimwombe arudie. Nilitaka sana iwe *wala* yetu. Sikupata mtu wa kuniambia kama ni ndugu au wamefanana tu usoni.

Siku moja fundi aligonga meza kwa kijiko akaniambia, *miza*. Mkaguzi akainua kichwa. Kwao, akasema, ni *lamesa*, waliletewa na Wahispania. Mama wa kantini akasema kwa sauti kutoka jikoni kwamba meza ni meza, waache kuigonga. Nilikaa na jambo lile siku nyingi. Baadaye padri mmoja aliniambia kwamba sisi tulilipata kwa Wareno, na kwamba yote matatu yametoka kwenye Kilatini. Nilipenda kufikiri kwamba neno lile lilisafiri njia tatu, moja kwa milima na mbili kwa bahari, likakutana lenyewe kwenye kantini ya sangara.

Kati yao wawili Kiingereza kilikuwa kidogo na kibovu, kwa hiyo walizungumza Kiswahili, na Kiswahili chenyewe walikipata kwetu, pamoja na makosa yetu. Fundi alikuwa akiniambia *rete* spana, kama walivyosema vijana wote wa mitamboni. Lakini kila mmoja alishika upande mmoja wa lugha. Fundi alikuwa hakosei ngeli. Kisu kikali, visu vikali, maji machafu, mashine mbovu, yote sawasawa, kwa sababu kwao kila kitu kina jinsi yake na sifa lazima ifuate. Vitenzi ndivyo alivyoviacha uchi: "Mimi funga pampu jana." Mkaguzi alikuwa kinyume chake. Lugha yake inamkunja mtu kwenye kitenzi: *luto* ni kupika, na kwa kubadilisha kichwa au mkia unajua nani anapika, nini kinapikwa, na nani anapikiwa. Kwa hiyo *pika*, *pikwa*, *pikia*, *pikiana* zilimwingia bila jasho. Lakini angesema visu mkali na maji mzuri bila haya. Ukiwasikiliza wakiongea pamoja, kwa umbali kidogo, ulisikia Kiswahili kizima.

Nadhani ni mimi niliyeona mwisho kwamba fundi alikuwa akimpenda mkaguzi. Mama wa kantini alishaona. Vijana wa mitamboni walishaona, na walikuwa wakimuuliza kwa nini siku hizi anachana nywele kabla ya kwenda kula ugali. Mkataba wa mkaguzi ulikuwa unaisha mwisho wa mwaka, na alikuwa ametakiwa aseme kama anaendelea au anarudi kwao moja kwa moja. Alikuwa hajajibu. Fundi alijua hivyo, kama kiwanda kizima, na alijua pia kwamba akiondoka hatamwona tena.

Mazungumzo ya namna watu wanavyooana yalianzishwa na mama, na sidhani kuwa yalianza kwa bahati. Alisema kwao mwanamume hajipeleki mwenyewe, anatuma watu. Mkaguzi akasema kwao ni vilevile, familia ya kijana inakwenda na chakula na msemaji, na zamani msemaji alitakiwa awe mtu wa mafumbo. Mwanamume anayejiombea mwenyewe, alisema, anaonekana hana watu. Fundi alikuwa akitafuna. Akasema kijijini kwa babu yake wajumbe walikuwa wakija na kusema wamesikia kuna mtamba wa kuuza. Nikasema hata kwetu maneno hayaendi moja kwa moja. Tulicheka wote, kisha fundi akatazama mikono yake.

Jioni ile tukiwa tunafunga vyombo aliniuliza kama mimi naweza kuwa watu wake.

"Watu ni wengi," nilimwambia. "Mimi ni mmoja."

"Wewe na mimi," akasema. "*Midva*. Yatosha."

Sikuwahi kuwa mshenga. Kwetu kazi hiyo hupewa mtu mzima mwenye nyumba yake, na mimi sikuwa na hata kitanda changu. Lakini nilikuwa na hamu ya kuona itakuwaje, na hamu hiyo imenipeleka mahali pengi kuliko akili. Jumapili, watu walipotoka kanisani, nilivaa shati la kuazima nikapanda mawe kwenda nyumbani kwa mama wa kantini, ambaye kwa kuwa ndugu wa mkaguzi walikuwa ng'ambo ya bahari, alijiteua kuwa mama mzazi, baba mzazi na shangazi.

Alinipokea kama hanijui. Aliniuliza nimetoka wapi na ninatafuta nini. Kwenye chumba cha ndani, nyuma ya pazia, nilisikia kiti kikisogezwa.

"Shikamoo mama," nilisema. "Tulikuwa tunapita njia, tukasikia hapa kuna mtamba."

"Marahaba. Hapa hatufugi. Hapa ni migomba."

Sikuwa nimejiandaa kwa migomba. Nikasema basi labda tuliambiwa vibaya, labda ni mche.

"Mche wa nani? Unataka kuupanda wapi? Wewe una shamba?"

Nikasema shamba ni la mwenzangu. Akauliza mwenzangu ana watu. Nikasema anao. Akauliza wangapi. Nyuma ya pazia mtu alikohoa kama anayezuia kicheko. Mama akajiweka sawa kwenye kiti, akanipa jibu lake polepole, kama mtu anayesoma tangazo.

"Mwambie aliyekutuma kwamba hapana. Binti yetu bado mdogo, na kazi za nyumbani hajazimaliza. Rudini mlikotoka."

Baada ya hapo hakuongea tena habari hiyo. Aliniambia nikae nile. Uliletwa mkungu mzima, naweza kusema, wa ndizi za kupondwa, na sato wa kukaanga, si sangara. Kichwa cha sato niliwekewa mimi. Nilipomaliza alinipa buni kavu za kutafuna, zile punje za kahawa zilizochemshwa na majani na kukaushwa, ambazo Wahaya humpa mgeni. Alinipa mafungu mawili kwenye jani la mgomba. Moja langu, akasema, na moja la aliyenituma. Nilitafuna langu njiani nikishuka mawe. Lilikuwa chungu na tamu.

Fundi alikuwa akinisubiri kwenye chumba cha mitambo ingawa ilikuwa Jumapili. Aliuliza wamesema nini. Nikamwambia wamesema hapana, binti bado mdogo. Nilisema hivyo kwa furaha, kwa sababu niliona mambo yamekwenda vizuri. Sijui mtu yeyote kwetu ambaye alikubaliwa mara ya kwanza. Nyumba inayokubali siku ya kwanza inaonekana ina haraka ya kumtoa binti. Nilimpa lile jani. Alilinusa, akaziangalia buni, akazitia kwenye mfuko wa ovaroli, akaniambia asante, *hvala*, kisha akachukua tambara akaanza kufuta pampu ambayo ilikuwa safi.

Kesho yake alikubali safari aliyokuwa akiikataa tangu masika: kwenda ng'ambo ya pili, mbele ya Busisi, kwenye mwalo wa wavuvi ambako kulikuwa na mashine ya barafu iliyokufa. Alimwambia meneja pia kwamba akimaliza huko hatarudi kiwandani, watafute fundi mwingine. Hayo niliyasikia kwa dereva. Fundi mwenyewe hakuniaga, au aliniaga kwa namna yake: alikuta nimeandika neno kwa makosa mlangoni akalisahihisha, kisha akapanda gari.

Nilijua kwamba kwao hapana ni hapana. Nilikuwa nimemsikia akiwajibu madereva na mameneja. Kwao neno hilo ni fupi, *ne*, na huwa halitembei. Linabaki pale ulipoliweka. Sikufikiri kwamba lingetoka nyumbani kwa mama wa kantini, lishuke mawe ya Ilemela mdomoni mwangu, lifike kwake likiwa limegeuka jiwe.

Upande wa pili nao walikuwa wakingoja. Mama hakuniuliza kitu. Alikuwa akinipakulia chakula na kuangalia mlango. Mkaguzi alifanya kazi zake, alipima joto la maji, alikagua visu na kucha za watu, alirudisha gambuti chafu. Siku zikapita hivyo. Mwishowe, tukiwa kwenye meza ya nyuma, aliniuliza bila kuinua macho.

"Rafiki yako alitafuna kahawa?"

Nikamwambia nilimwona akiitia mfukoni.

"Mfukoni," akasema. Akamaliza kula, akaosha sahani yake mwenyewe, akaenda. Jioni ile nilisikia ameomba ofisini karatasi za kuondoka.

Mama wa kantini alinifuata nje nilipokuwa natupa maganda. Sijawahi kumwona amekasirika kwa sauti ndogo kama siku ile. Alisema, wewe ulitumwa au ulikuja kula? Nikamwambia nilifikisha ujumbe kama nilivyopewa, neno kwa neno.

"Nani amekuuliza maneno? Nyumba inayokataa inakaanga sato? Inatuma kahawa?"

Nikasema kwetu hatuna buni. Akanitazama, nadhani akiona kwa mara ya kwanza kwamba kweli sikujua, na kwamba mzungu naye hakujua, na kwamba kahawa yake ilikuwa imekwenda kukaa mfukoni pamoja na misumari. Nikamuuliza kama nimwendee fundi nimwambie.

"Mimi sikutumi," akasema. "Nikikutuma nitakuwa nimemtembeza binti wa watu. Lakini kivuko ni cha serikali, baba. Mtu yeyote anapanda."

Nilivuka Jumamosi. Mwalo ulikuwa mahali wazi penye vichanja vya dagaa na mitumbwi iliyopinduliwa, na fundi alikuwa amekaa kwenye kreti mbele ya mashine iliyofumuliwa, vipande vyake vimepangwa juu ya turubai kwa ukubwa. Alinisalimia *mwangaluka* kama wavuvi walivyomfundisha. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, lakini yeye hakutaka habari za kiwandani. Aliendelea kusugua kipande kimoja. Nikakaa chini, nikamshikia kopo la mafuta.

Sijui kilichomfanya aulize. Labda ni njaa. Ilikuwa saa ya kula, na mwanamke mmoja alikuwa akipuliza moto karibu yetu.

"Siku ile," akasema, "wewe kula nini?"

"Wapi?"

"Kwa mama. Wao pa wewe nini?"

"Ndizi," nikamwambia. "Na sato. Kichwa walinipa mimi."

Akaweka kile kipande chini kwenye turubai, si mahali pake. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika, mtu hasahau kichwa cha sato. Akaniuliza kama chakula kililetwa kabla ya hapana au baada yake. Nikasema baada. Hapo akaanza kuongea, kwa Kiswahili kilichochanganyika na lugha yake. Kijijini kwa babu yake, alisema, wajumbe walikuwa hawasikilizi kinachosemwa na wenye nyumba. Wenye nyumba siku zote walisema mtamba hauzwi. Wajumbe waliangalia meza. Wakikaangiwa mayai, walirudi nyumbani wakiimba. Meza ikibaki tupu, walichukua kofia zao.

"Kwa nini hukusema?" akaniuliza.

"Hukuuliza. Uliuliza wamesema nini."

Nikamweleza habari ya buni. Alisimama, akapekua mfuko wa ovaroli, akatoa bisibisi, kipande cha waya, na lile jani lililokwisha kupondeka. Buni zilikuwa zimeshika grisi. Alizifuta moja moja kwenye mkono wa shati lake akazitafuna zote, uso umekunjamana, huku yule mwanamke wa motoni akiuliza kwa Kisukuma kama mzungu ameanza kula dawa.

Mashine hakuiacha. Ilibidi tuifunge kwanza, maana asingeweza kumwomba mtu binti huku amemwachia mwingine vipande juu ya turubai. Nililala mwaloni mpaka ikatoa barafu, kisha tukavuka pamoja.

Tulikwenda Jumapili, safari hii wawili. Mama alituweka nje kwanza, kwenye benchi la ukutani, hadi majirani wote walipotuona. Kisha akatuingiza. Pazia lilikuwa limefunguliwa na mkaguzi alikuwa amekaa kwenye mkeka, amevaa kitenge, hatazami mtu. Fundi alisema shikamoo, ingawa mama alimzidi kwa miaka michache tu kama alimzidi. Mama aliitikia marahaba kwa ukamilifu. Niliyasema tena yale ya mche, safari hii vizuri zaidi. Mama aliuliza mengi: kama fundi ana mke mahali, kama anakunywa, kama anapiga watu, dini yake. Yalijibiwa. Kisha akauliza lile ambalo sikulitegemea.

"Mkigombana," akamwambia fundi mwenyewe, akiniruka mimi, "mtagombana kwa lugha gani? Yeye hajui ya kwenu. Wewe hujui ya kwao. Mtu akikasirika hurudi kwa mama yake. Sasa nyinyi mtarudi wapi?"

Fundi alifikiri. Nilikuwa najua anavyofikiri, anatazama mikono kwanza. Nilitamani kumsaidia lakini mshenga haulizwi swali la mwenye kuoa.

"Kiswahili," akasema. "Sisi wote najua vibaya. Hakuna atashinda."

Mama hakucheka. Alimtazama mkaguzi, na mkaguzi akainuka, akaenda jikoni, akarudi na jagi la maji na beseni. Kwa desturi angeanza na mimi, msemaji. Alinipita. Alipiga magoti mbele ya fundi akamnawisha mikono, polepole, akizisugua kucha zake kwa kidole gumba kama alivyozikagua za wafanyakazi, na grisi ya mwalo haikutoka yote. Kisha akaketi na kusema, kwa Kiswahili, ili wote tusikie, kwamba yeye hana neno, lakini mama yake mzazi bado hajaulizwa, na bila mama yake hakuna ndoa.

"Mpeleke basi," mama wa kantini akasema, akianza kupakua. "Akakataliwe na huko."

Waliondoka kiangazi, baada ya mkataba kuisha, mkaguzi na karatasi zake za kuondoka alizokuwa ameshazichukua, fundi na sanduku la vifaa alilokataa kuliacha. Mimi nilikuwa nimeshaacha kiwanda. Nilikuwa Nyegezi nikijaribu kuuza viatu vya mitumba. Habari nilizipata kwa mama wa kantini. Alisema huko Sebu mama mkwe alimweka bwana harusi kwenye kibaraza siku nyingi, akamwambia hapana mbele ya ukoo mzima, kisha akamchinjia nguruwe. Na fundi, alisema mama, safari hii hakufungasha vitu. Alikaa palepale akala.